Zile fedha za UVIKO: madarasa tunayaona, mbona wilaya ni ile ile?

#1 Kalamu Nyekundu
Wakuu, habari za jioni.
Leo nimemsindikiza mtoto wa dada yangu kuripoti shule moja ya kata. Kwenye ukuta wa darasa bado kuna maandishi ya "Mradi wa UVIKO-19", rangi imeanza kubanduka. Nikakumbuka zile shilingi trilioni 1.3 za serikali zilizozinduliwa Dodoma tarehe 10 Oktoba 2021. Jina lake kamili lilikuwa Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19. Ustawi, jamani, limo kwenye jina kabisa. Tuliambiwa zitaamsha uchumi uliodumazwa na korona mpaka huko wilayani.
Madarasa nayaona, sikatai, tena mazuri. Ila gulio la pale ni lile lile, vijana wa kijiweni ni wale wale, na mama aliyekuwa akiwauzia mafundi uji naambiwa alishahama siku nyingi. Mimi nasema ile ilikuwa ruzuku ya majengo, si ya uchumi. Anayebisha aje.

#2 Nipo Pembeni
Siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

#3 Mzee wa Jedwali
Mleta mada, umeanza na kosa. Haikuwa ruzuku, ulikuwa mkopo. Bodi ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, iliidhinisha dola milioni 567.25 tarehe 7 Septemba 2021, na ndani yake kuna mikopo miwili. Mmoja wa dola milioni 189 hivi, hauna riba, muda wa kupumua miaka mitano na nusu, unaisha kulipwa mwaka wa kumi. Wa pili ndio mkubwa, dola milioni 378, na huo marejesho yake ni kati ya mwaka wa tatu na robo na mwaka wa tano. Maana yake theluthi mbili ya fedha ile ni ya kurudisha haraka. Msije mkatuambia tulipewa.

#4 Kalamu Nyekundu
Mzee, shikamoo, na asante kwa darasa. Lakini tazama kwa jicho la halmashauri. Mkurugenzi alipelekewa milioni 20 kwa kila darasa. Kuna siku ataambiwa azirejeshe? Hazina ndiyo inayodaiwa. Kwa taifa mkopo, kwa wilaya ruzuku. Mimi naongelea wilaya.

#5 Mzee wa Jedwali
Marahaba. Hapo nakuachia. Ila anayelipa ni huyo huyo wa wilayani, kwa kodi ya kwenye sabuni.

#6 Fundi Mwiko
Mimi nabisha, na nabisha kwa mikono yangu. Nilijenga madarasa mawili kati ya yale 15,000.
Korona ilinikuta nina kazi ya nyumba ya mtu aliye Arusha kwenye mambo ya watalii. Watalii wakakata, na yeye akakata simu. Nyumba ikabaki kwenye lenta mwaka mzima na zaidi, mimi nikarudi kulima. Novemba 2021 mtendaji wa kata akaniita, akasema wanataka mafundi wa hapa hapa, fosi akaunti, hakuna mkandarasi. Tulikuwa mafundi wanne na saidia fundi saba. Madarasa yakatakiwa yaishe kabla ya mwaka kwisha, watoto wa kidato cha kwanza waingie Januari. Mkuu wa wilaya alikuwa anakuja mara mbili kwa wiki, anashika ukuta kama anapapasa tikiti. Tulipiga plasta usiku kwa taa ya jenereta, na ukipiga plasta usiku asubuhi unaona aibu zako zote, unabandua unaanza upya.
Nililipwa. Si yote kwa wakati, lakini nililipwa. Nikanunua mashine ya kuchomelea, na mpaka leo ndiyo inayolisha nyumba yangu. Sasa mtu akija kuniambia uchumi haukuguswa, mashine ile ni nini?

#7 Kisu Butu
Fundi, mashine moja kwa trilioni 1.3? Bei imesimama hiyo 😂

#8 Fundi Mwiko
Cheka tu. Ukija kutaka geti utanikuta.

#9 Mwalimu wa Zamu
Naomba nimjibu mleta mada kutoka upande wa mafaili. Nilikuwa kwenye kamati ya manunuzi ya shule yetu, tulipokea milioni 40 za madarasa mawili pamoja na viti na meza. Shule na halmashauri sitazitaja, nina watoto wa kulea.
Kijijini kwetu kuna mzee ana duka la vifaa, anauza saruji, misumari, hata bati kidogo. Mimi nilidhani tutanunua kwake. Tukaambiwa kila malipo yawe na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mzee hana mashine. Tukaenda mjini, kilomita sabini na kitu, tukanunua saruji, nondo, bati, rangi, vitasa, na usafiri wa lori tukalipa huko huko kwa mwenye risiti. Yule mzee alikaa barazani kwake, lori linapita na saruji ile ile anayouza yeye. Nilimsalimia, akaniitikia bila kuniangalia.
Siku ya kufunga hesabu nilichukua kalamu nikajumlisha kilichobaki kijijini. Ufundi, mchanga, kokoto, maji ya punda, chakula cha mafundi. Hakikufika milioni kumi na moja. Zilizobaki zilirudi mjini na lile lori, na mjini nako hazikulala, zilikwenda kiwandani. Kwa hiyo Fundi ana haki na mleta mada ana haki. Fedha ilifika. Haikukaa.

#10 Nipo Pembeni
Mwalimu umeua. Karanga zimeniangukia.

#11 Kisu Butu
Ila mwalimu, bila EFD zingepigwa hizo. Tunajuana.

#12 Mwalimu wa Zamu
Kisu, sipingi risiti. Nasema tu yule mzee hakuulizwa kama anaweza kusaidiwa kupata mashine. Ilikuwa rahisi zaidi kumpita.

#13 Mbasa
Mwalimu wewe una barabara, shukuru. Mimi natoka visiwani Ukerewe. Milioni 20 kwa darasa ilikuwa ile ile iwe Kinondoni au kisiwani. Saruji Kinondoni inashushwa mlangoni. Kwetu inapanda kivuko, inashuka, inapanda mtumbwi, inashuka, na mvua ikikukuta ziwani una mawe badala ya saruji. Darasa likakamilika vipi? Kwa migongo ya watu. Akina mama walibeba maji na mchanga, wanaume wakavunja mawe, bila malipo, ikaitwa nguvu za wananchi. Kwa hiyo wa mbali walichangia zaidi ili wapate sawa na wa karibu. Ukiniuliza mimi, huo ndio ugonjwa wa fedha za kuinua mikoa. Zinagawanywa kama pipi za harusi, kila mtu moja, wakati njaa hazilingani.

#14 Mzee wa Jedwali
Bandiko #13 lina uzito. Mgao wa vituo shikizi, yale matawi ya shule za msingi, ulikuwa na nia hiyo kidogo, madarasa 3,000 kati ya yale 15,000 yalikwenda huko, na vituo hivyo viko mbali na shule mama. Mengine 12,000 yalikuwa ya sekondari. Lakini bei kwa darasa haikutazama umbali, hapo Mbasa yuko sahihi.

#15 Guide wa Zamani
Mnazungumza kama fedha yote ilikuwa ya madarasa. Elimu ilipata takriban bilioni 369, afya ndiyo iliyoongoza na takriban 467, maji kama 139, utalii kama 90. Na sisi wa utalii ndio tuliokufa kwanza. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii 1,527,230. 2020 wakawa 620,867. Mimi nilikuwa napandisha wageni mlimani, nikajikuta nauza mahindi ya kuchoma nimevaa koti la baridi la dola mia mbili. Mwaka 2022 walifika 1,454,920, na 2023 wakapita ile ya kabla ya korona, 1,808,205. Kama hiyo si kufufuka, kufufuka ni nini?

#16 Kisu Butu
Hahaha koti la dola mia mbili na hindi. Ila mkuu, watalii walirudi kwa sababu ndege ziliruka tena. Dunia nzima walirudi. Hata nchi ambazo hazikuchimba barabara moja ya hifadhi walirudi.

#17 Guide wa Zamani
Ndege ziliruka, sawa. Wangetua kwetu kama hatukuwa na vipimo vya korona vinavyoaminika? Wangetua kama tungeendelea kusema hatuna ugonjwa? Kuna watu walikuwa wamefuta safari kwa sababu nchi haitoi takwimu. Uamuzi wa 2021 wa kukubali ugonjwa na chanjo ulifungua mlango kabla hata senti haijaingia.

#18 Mzee wa Jedwali
Guide, ukisema hivyo umejipinga mwenyewe. Kilichorudisha watalii basi ni msimamo, si bilioni 90.

#19 Guide wa Zamani
Na filamu ya Rais ya kutangaza utalii, Royal Tour, na barabara za hifadhini, na vipimo. Mchuzi ukiiva utajuaje ni chumvi au nazi?

#20 Mwani Mwekundu
Huku Zanzibar tuliziita fedha za ahueni. Mgao wetu bilioni 231. Zimejenga skuli na hospitali za wilaya, na nyengine zikaenda kwenye boti za wavuvi na wakulima wa mwani. Nawaambia tofauti ya boti na darasa. Darasa likimalizika, kazi imemalizika. Boti ikikabidhiwa ndio kazi inaanza, na ugomvi pia. Kikundi cha jirani zangu watu kumi, boti moja, mashine moja. Nani atalipa mafuta? Nani nahodha? Mwezi wa nne mashine ikagoma, hakuna aliyekubali kutoa pesa ya spea kwa kuwa boti ni ya wote. Imelala ufukweni, watoto wanachezea. Kikundi chengine hatua mia tatu kutoka pale wanavua mpaka leo na wameongeza nyavu. Boti zile zile. Kwa hiyo hata ukitoa fedha ya uchumi hasa, bado.

#21 Kalamu Nyekundu
Mwani, hilo la vikundi viwili usilipite haraka. Tofauti ilikuwa nini?

#22 Mwani Mwekundu
Wale wanaovua walikuwa kikundi kabla ya boti. Wale wengine wamekuwa kikundi kwa ajili ya boti. Mimi ndivyo ninavyoona. Bibi yangu anasema walirogwa.

#23 Nipo Pembeni
Nakubaliana na bibi.

#24 Dada Mkopo
Hilo la vikundi lipo hata kwenye ile asilimia kumi ya UVIKO iliyotolewa halmashauri kwa wanawake, vijana na walemavu. Sisi tulijiunga watano, wawili sikuwahi kuwaona sura mpaka siku ya kusaini.

#25 Mzee wa Jedwali
Dada, usichanganye. Asilimia kumi haikutoka kwenye fedha za UVIKO. Inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri kwa mujibu wa sheria, wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili, bila riba. Ilikuwepo kabla ya korona. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa serikali, CAG, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri kumi zikapangiwa kupitishia benki.

#26 Dada Mkopo
Sawa mzee nimesahihishwa. Lakini mwenye njaa anajua rangi ya noti ilikotoka? Kwetu fedha zote za serikali zilikuwa zinaitwa za korona.
Nieleze lililotukuta. Tuliomba za kufuga kuku. Mkopo ukachelewa miezi minane, ukaja wakati bei ya chakula cha kuku imepanda, tukanunua vifaranga nusu ya tulivyoandika. Mdondo ukafyeka. Watatu tuliofahamiana tumerejesha kwa kuuza vitenge. Wale wawili wa siku ya kusaini simu hazipatikani. Afisa aliyetuunganisha nao naye alihamishwa. Basi ripoti ikasema vikundi havirejeshi.

#27 Kisu Butu
Pole dada. Ila mdondo hauna uhusiano na serikali, chanjo ni shilingi ngapi?

#28 Dada Mkopo
Kaka, chanjo tulichanja. Friji ya wakala wa chanjo ilikuwa imezimwa kubana umeme. Umefurahi?

#29 Kisu Butu
Nimefunga mdomo.

#30 Msema Kweli Mpenzi
Mnazunguka wee. Spika Ndugai alisema mapema kwamba kukopa huku ipo siku nchi itapigwa mnada. Kilichomkuta Januari 2022 tunakijua.

#31 Nipo Pembeni
Haya, siasa imeingia, uzi utahamishwa jukwaa. Nilikuwa nimekaa vizuri.

#32 Mzee wa Jedwali
Alijiuzulu tarehe 6 Januari, kumbukumbu ipo. Tubaki kwenye mada.

#33 Baba Wawili
Nimesoma kuanzia juu, nashangaa hakuna aliyegusa jambo hili. MICHANGO. Mmesahau tulivyokuwa tunaishi? Kila Desemba matokeo ya darasa la saba yakitoka, watoto wamefaulu, madarasa hakuna. Mtendaji anapita na daftari, kila kaya elfu kadhaa, huna anachukua kuku, anachukua debe la mahindi. Marehemu baba yangu alichukuliwa baiskeli. Na mtoto anaweza kusubiri chaguo la pili mpaka Machi, wengine wanaishia kuolewa hapo katikati.
Januari 2022 watoto wote waliofaulu waliingia kwa mkupuo mmoja, hakuna chaguo la pili. Na daftari halikupita. Mimi mwaka ule nilibaki na mahindi yangu. Niliyauza Februari kwa bei nzuri, nikalipa deni la hospitali lililobaki tangu mke wangu augue kifua mwaka wa korona. Mleta mada anatafuta uchumi gulioni. Mimi nasema uchumi ulikuwa ndani ya gunia ambalo halikuchukuliwa. Huwezi kuliona kwa sababu halikutoka.

#34 Mwalimu wa Zamu
Baba Wawili, hilo sikuwa nimelifikiria, na nilikuwa mezani. Nyongeza kidogo: kwetu daftari lilipita hata hivyo, la "kumalizia", kwa sababu milioni 20 zilifika mwisho kabla ya sakafu. Lakini lilikuwa daftari dogo.

#35 Mbasa
Na kwetu lilipita kwa jina la migongo. Rejea #13.

#36 Kalamu Nyekundu
Baba Wawili umenitikisa, nakiri. Lakini kuokoa gunia la mwaka mmoja ni nafuu, si maendeleo. Mwaka uliofuata?

#37 Baba Wawili
Mwaka uliofuata mbolea ilinimaliza, hapo sikatai.

#38 Shamba Darasa
Asante kwa kuitaja mbolea. Wilaya yetu ni ya mahindi. Korona yenyewe haikutuumiza sana, tulilima, tuliuza. Kilichotuvunja ni bei ya mbolea ya 2021 na 2022, ilipanda dunia nzima, na vita ya Ukraine ikamwagia petroli. Agosti 2022 ikaja mbolea ya ruzuku, ukijisajili unapata namba, unanunua kwa bei iliyopunguzwa. Ilikuwa na kero zake, foleni, mtandao kugoma, wakala kusema imeisha huku mifuko inaonekana dirishani. Lakini nikiulizwa ni fedha gani ya serikali iliyouliza wilaya yetu inaumwa wapi, ni ile. Madarasa yaliuliza taifa linaumwa wapi.

#39 Msema Kweli Mpenzi
Kwa hiyo mikopo mizuri sasa?

#40 Shamba Darasa
Nimeandika ruzuku ya mbolea mkuu. Soma ndipo upandishe povu.

#41 Mzee wa Jedwali
Niongeze la jumla kisha nikalale. Ukuaji wa uchumi wa nchi ulikuwa chini kidogo ya asilimia 5 mwaka 2020, na 2021, na 2022. Hakuna mruko unaoonekana baada ya trilioni 1.3. Mtu anaweza kusema fedha hazikufanya kitu. Mwingine atasema bila hizo tungeshuka zaidi, hasa na mafuta na mbolea vile vilivyopanda. Jedwali langu haliwezi kuwaamulia, na wilaya mojamoja hazimo humo.

#42 Kisu Butu
Mzee umekaa na jedwali miaka yote hiyo ndiyo unatuambia leo haliamui?

#43 Mzee wa Jedwali
Usiku mwema, kijana.

#44 Fundi Mwiko
Nimerudi kutoka kazini. Mwalimu, yale ya lori kurudi na pesa mjini nimeyafikiria siku nzima. Ni kweli. Lakini mashine yangu nayo niliinunua mjini. Na nilipoinunua, vijana wawili kati ya wale saba saidia fundi nikawachukua, sasa wanachomelea. Mmoja amefungua chake stendi. Tulikuwa tumejifunza kusoma mchoro pale pale kwenye darasa, kwa sababu mhandisi wa halmashauri alikuwa haji mpaka umpigie mara kumi, ikabidi tujifunze wenyewe. Hiyo utaiandika kwenye faili gani?

#45 Mwalimu wa Zamu
Hakuna faili lake, Fundi. Nilitafuta hata safu ya kuandika yule mzee wa duka sikuipata.

#46 Kalamu Nyekundu
Yule mzee bado yupo? Duka lipo?

#47 Mwalimu wa Zamu
Yupo. Amepata mashine mwaka juzi, kaitundika ukutani ndani ya nailoni isiingie vumbi. Ananiuliza kila nikipita kama kuna mradi mwingine unakuja.

#48 Mwani Mwekundu
Mwambieni asisubiri mradi, auze.

#49 Mbasa
Anauza kwa nani, Mwani? Ndiyo mada yenyewe hiyo.

#50 Fundi Mwiko
Kalamu, yule mama wa uji uliyesema amehama, ni shule ya upande gani? Maana kuna mmoja alitukopesha uji wiki mbili malipo yalipochelewa, na kuna saidia fundi wangu mmoja hakumlipa mpaka leo. Kama unajua alikohamia nitumie faragha.